TAHADHARI: Kuna mwenzetu anatuuzia boti mbovu za mifereji huku Uingereza

Ndugu zangu mlioko Uingereza, hasa nyinyi mliochoshwa na kodi za nyumba za London mkawaza kununua boti ya mfereji muishi humo, someni hii kabla hamjamtumia mtu pesa. Kuna mtu anaongea Kiswahili kitamu cha pwani, anatangaza boti kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Sisi alituchukulia pauni 34,000 mwezi wa Machi 2025. Juzi nimeona tangazo lake jipya kwenye grupu la akina mama: boti ya futi 57, maneno yale yale, hata vikopa vile vile vyekundu. Jina silitaji hapa kwa sababu kesi iko kwa wakili, lakini nitaeleza anavyofanya kazi, na atakayekutana naye atamjua.

Tulipompigia mara ya kwanza alimuuliza mume wangu kwao wapi. Aliposikia Lamu akaanza kutaja mitaa, Mkomani, Langoni, kama aliyelelewa huko. Nikimuuliza jambo zito ananijibu, "Dada, mimi siwezi kumuumiza mtu wa nyumbani." Tulikuwa tumekodi chumba kimoja miaka sita. Tulitaka kumwamini.

Boti yenyewe ilikuwa ya chuma, futi 50, ya mwaka 1991. Kwa asiyezijua, hizi boti ni nyembamba sana, futi 6 na inchi 10, kwa sababu malango ya maji (locks, yanayopandisha na kushusha boti) kwenye mifereji mingi ya zamani yana upana wa futi 7 hivi, basi boti ikapimwa kwa lango. Ndani kulikuwa na jiko la makaa, kitanda cha watu wawili, sola juu ya paa. Ilikuwa imefungwa kwenye marina, yaani bandari ndogo ya boti, kando ya mfereji wa Grand Union, kaskazini ya London.

Marehemu babangu alikuwa fundi wa majahazi. Kwetu ukitaka kujua afya ya chombo unangoja maji yapwe, chombo kinalala mchangani, unakizunguka na msumari mkononi ukidunga ubao mmoja mmoja. Mfereji haupwi. Boti inakaa majini mwaka mzima, na panapooza ndipo usipopaona mpaka inyanyuliwe na kreni au iingizwe gati kavu. Nilimwambia nataka kuiona chini. Akacheka, "Dada, hiki chuma, si mbao. Na nimeipaka lami mwezi uliopita, picha hizi hapa." Picha zilikuwa nzuri kweli: boti iko nchi kavu, nyeusi ti, inameremeta.

Lami ile ndiyo iliyoficha. Boti za mfereji hupakwa lami kila baada ya miaka miwili au mitatu, kama sisi tunavyopaka majahazi deheni, lakini kwanza chuma kinaoshwa kwa maji ya kasi na kutu inakwanguliwa mpaka itoke. Ukipaka nene juu ya kutu, vishimo vyote vinajaa na jicho halioni kitu. Muuzaji akikuonyesha lami mbichi wakati huohuo anakuharakisha, hapo pa kusimama.

Kisha akatuma ripoti ya mkaguzi, PDF ya miaka miwili nyuma. Ukurasa wa sita una jedwali la unene wa chuma. Boti nyingi za aina hii huundwa kwa bati la milimita 10 chini na 6 ubavuni, na kampuni nyingi za bima hazitaki ishuke chini ya 4. Ripoti ikasema ubavu wa kushoto, usawa wa maji, 5.6. Tukafurahi. Namba ya simu ya mkaguzi ilikuwa pale juu, ukurasa wa kwanza, na hatukumpigia. Nilimpigia miezi saba baadaye. Akasikiliza, akanyamaza kidogo, akaniambia yeye aliandika 3.6. Sasa nikikuza ukurasa ule kwenye simu naiona ile 5 imekaa juu kidogo ya mstari, na weusi wake si weusi wa namba zilizo jirani.

Akatuonyesha na cheti cha Boat Safety Scheme, akakiita "cheti cha boti nzima". Cheti kilikuwa halali. Ila cheti hicho, ambacho hudumu miaka minne, kinaangalia gesi, umeme, mafuta, moto, kengele ya kaboni monoksidi. Kuhusu chuma cha chini hakisemi neno.

Maji tuliyaona Oktoba. Kulikuwa na harufu ya godoro lililolowa, tukadhani ni mvuke wa kupika. Mume wangu akafungua kifuniko kidogo cha sakafu karibu na ngazi ya nyuma, nikatia mkono: maji ya baridi mpaka kwenye kifundo, na matofali ya uzito yamelala humo yakiwa na ute wa kijani. Nikampigia. Akajibu bila hata kufikiri kwamba ni matone ya kawaida pale shafti ya pangaboi inapotokea. Ni kweli pale hudondoka, ndiyo maana unakaza kile kibomba cha grisi kila ukimaliza safari. Lakini kwenye boti kama yetu matone hayo yanaingia ngama ya injini, yaani uvungu wake, na kati ya injini na chumba kuna ukuta wa chuma. Maji yakiwa chini ya chumba yametoka kwingine. Siku tuliyoinyanyua, mkaguzi wetu aligonga ubavu kwa nyundo ndogo, sauti ikabadilika kutoka kengele kuwa debe, akagonga tena na nyundo ikazama. Kazi ya kuongeza mabati mapya tumeambiwa pauni 14,000. Kunyanyua boti na kumlipa mkaguzi kabla ya kununua kungetugharimu karibu 1,000.

Uongo mwingine ulikuwa wa mahali pa kufunga boti. Alisema nafasi ya marina "inakuja na boti". Haiji. Mkataba ulikuwa wa jina lake, na meneja alitueleza kwa upole kwamba pale hata kuishi hakuruhusiwi. Tukawa watu wa kuhamahama: sheria ya mwaka 1995 inasema asiye na mahali pake asikae sehemu moja zaidi ya siku 14, na tangu Aprili 2024 leseni ya boti isiyo na mahali pake ina nyongeza. Leseni yenyewe hairithiwi, unakata yako kwa Canal & River Trust, wanaosimamia mifereji mingi ya England na Wales tangu 2012. Ile namba iliyo ubavuni ingizeni kwenye tovuti yao muone kama boti ina leseni, ila msidhani namba hiyo ni hati ya umiliki. Boti hizi hazina hati kama ya nyumba. Mdai muuzaji mkataba wake aliponunua yeye, kitambulisho chake, na uthibitisho kwamba haidaiwi mkopo.

Kuhusu pesa zetu: tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki za hapa zinatakiwa kumrudishia aliyelaghaiwa akatuma pesa mwenyewe, hadi pauni 85,000. Benki yetu imejibu kwamba boti tulikabidhiwa, hivyo huu ni ugomvi wa madai baina ya muuzaji na mnunuzi. Wakili anakwenda kwa Misrepresentation Act ya 1967, sheria ya anayekuuzia kwa maelezo ya uongo, kwa sababu ripoti ilichezewa. Na anataka kuthibitisha kwamba bwana huyu ni mfanyabiashara, si mtu anayeuza boti yake moja kama anavyojidai, maana hapo Consumer Rights Act ya 2015, sheria ya haki za wateja, inambana zaidi. Ndiyo maana nawahitaji. Kama uliwahi kununua kwake, au kuoneshwa boti naye, usifute meseji wala sauti alizokutumia. Niandikie faragha, hata kama unaona aibu. Mimi pia niliona aibu, nikakaa kimya miezi mitatu, na katika miezi hiyo ameuza nyingine.

Ile ya futi 57 anaomba amana ya pauni 2,500 "kuishikilia" kabla hujaiona. Usitume. Kama umetuma wiki hii, acha kusoma, piga 159 uunganishwe na benki yako, uwaambie ni utapeli.