Aliyezama Ziwani: Tuamini Mwili au Mahali Alipopatikana?

Mtu akiopolewa Dunga au Usenge, fuo za Ziwa Victoria nchini Kenya, ubishi huanza pale pale ufuoni: aliteleza, alijitosa au alitupwa? Wengine husema tusubiri upasuaji wa maiti. Wengine, waulizeni wavuvi.

Upasuaji una nguvu kwenye kilichomuua. Povu jeupe puani na mapafu yaliyovimba hadi kuufunika moyo huelekeza kwenye kuzama. Shingo hufunguliwa mwishoni, tabaka kwa tabaka, damu ikishachuruzika, ili damu iliyovuja kwa kisu isidhaniwe kuwa jeraha la kukabwa. Daktari akikuta damu imevilia kwenye misuli, maswali hubadilika. Lakini mapafu hayasemi kama alisukumwa.

Hilo hutafutwa mahali pa tukio: boti, viatu, simu, aliyemwona mwisho. Gharama ni ndogo, ila umati ukishapakanyaga, ushahidi umekwenda.

Mwili ukipatikana mapema, familia isikimbilie mazishi kabla ya upasuaji, nawasihi sana. Ukiwa umeshaoza na dalili nyingi zimepotea, wekeni nguvu kwa mashahidi, waandikishe taarifa polisi kabla hawajarudi ziwani.