Kigunduzi cha Metali Kwenye Mchanga Mbichi wa Bahari: Uzoefu Wangu

Nimetumia vigunduzi viwili vya metali ufukweni, kimoja cha masafa ya aina moja (yaani kasi moja ya mtetemo wa mawimbi yake) na kingine kinachotuma masafa kadhaa kwa pamoja, na tathmini hii inahusu sehemu moja tu ya ufuo: ule ukanda wa mchanga mbichi unaoachwa wazi maji yanapokupwa. Kwenye mchanga mkavu wa juu vyote viwili hufanya kazi vizuri, na mwenye kile cha bei nafuu hana haja ya kukiacha.

Mambo hubadilika koili, ile sahani ya chini unayoipitisha juu ya mchanga, inapovuka mpaka wa unyevu. Kigunduzi cha masafa ya aina moja, ambacho muda mfupi kabla kilikuwa kimetulia, huanza kulia mfululizo hata pasipo na kitu chochote chini. Sababu ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi, na maji hayo hupitisha umeme. Kwa hiyo nguvu ya sumaku inayotoka kwenye koili huzusha mikondo midogo ya umeme ndani ya mchanga uliolowa, kama inavyoizusha ndani ya metali. Kibaya zaidi, mwitikio wa chumvi hukaribiana na ule wa karatasi ya alumini na wa pete nyembamba za dhahabu, hivyo ukikiweka kifaa kichuje, yaani kipuuze miitikio ya aina hiyo, mpaka kinyamaze, umeichuja na pete uliyoifuata.

Hapo ndipo kile cha pili kilipostahili bei yake. Kwa kuwa chumvi na metali haziitikii kwa namna moja masafa ya juu na ya chini, kifaa hulinganisha majibu hayo na kuiondoa sauti ya chumvi huku kikiacha ya metali. Hakinyamazi kabisa: wimbi jembamba likitambaa juu ya koili, hulalamika mpaka maji yarudi. Nilipunguza usikivu kidogo, nikasawazisha kifaa, yaani kukizoesha kupuuza mwitikio wa ardhi yenyewe, palepale kwenye mchanga mbichi wala si kwenye mkavu, nikatembea sambamba na maji ili unyevu chini ya koili usibadilikebadilike. Koili nayo lazima ibaki kwenye kimo kilekile, kwa sababu ukiinyanyua mwishoni mwa kila mpepeo, kama mkono unavyopenda kufanya, unazalisha sauti ya uongo wewe mwenyewe.

Sauti ya kuaminika ni ile fupi inayojirudia mahali palepale ukipitisha koili kutoka pande zote mbili. Nilichimba mojawapo, shimo likajaa maji na kingo zikaporomoka kila nilipochota, na bila beleshi lenye matundu ya kuchekecha mchanga nisingeiona ile sarafu, iliyokuwa nyeusi tii na imegandana na punje za mchanga upande mmoja.

Vipo pia vigunduzi vya mapigo, vinavyotuma mapigo mafupi ya sumaku, ambavyo huipuuza chumvi vizuri na kugundua vitu vilivyo chini zaidi, lakini hutofautisha chuma na dhahabu kwa shida sana. Ufuo uliojaa misumari na vibanio vya nywele utakuchosha.

Kabla ya kununua, hakikisha kisanduku cha vidhibiti nacho hakipitishi maji, maana katika baadhi ya vifaa ni koili pekee iliyokingwa, na baada ya kukitumia suuza kila kitu kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Udhaifu ambao hata kifaa cha masafa kadhaa hakijauondoa ni mikufu myembamba: kila kipete cha mkufu huitika peke yake, kidogo mno, na kwenye mchanga wa chumvi mwitikio huo hupotea.