Wiki moja na kampavani ya kukodi, Great Ocean Road: uzoefu wangu

Nianze na hela, maana ndizo zilizonifanya niandike. Tulikodi kampavani (gari la kulala ndani) ya watu wawili Melbourne, Australia, tuipite Great Ocean Road, barabara ya pwani, kuanzia tarehe 23 hadi 30 Desemba, kwa dola 190 za huku kwa siku. Juu ya hapo kampuni ikazuia dola 5,000 kwenye kadi ya benki kama dhamana. Hazikatwi, zinafungiwa tu, lakini wiki nzima ile kadi ilikuwa pambo la pochi. Ukitaka dhamana ishuke unalipia bima ya ziada, dola 35 kila siku. Tukakataa. Mume wangu akasema ataendesha kama amebeba trei la mayai.

Kwa nini gari la kulala na si hoteli? Tulikuwa na mambo matatu ya kubana ndani ya wiki moja: Krismasi kwa wifi yangu Geelong, likizo, na mtoko wa sisi wawili, ambao tangu mtoto wa pili azaliwe tulikuwa tunauahirisha tu. Hoteli za pwani kipindi hicho bei zake hazisemeki. Wifi akajitolea: leteni watoto, kuleni sikukuu, halafu nyinyi nendeni.

Gari lenyewe nalipa sifa yake. Friji ndogo, jiko la gesi la plate mbili, sinki la kuoshea vikombe viwili kama una subira, na meza inayogeuka kitanda. Choo hakuna, utatumia cha kambini au cha ufukweni, na vyoo vya umma vya huku ni visafi kuliko nilivyotegemea. Shida ni hicho kitanda. Kila jioni lazima uhamishe masufuria, viatu, mabegi na mwenzako ndipo meza ishuke. Usiku wa kwanza tulinuniana kwa sababu ya godoro. Usiku wa tatu tulishajua nani anatoka nje na nani anabaki ndani kuvuta mto.

Geelong ni kama kilomita 75 tu kutoka Melbourne. Siku ya Krismasi tulikuwa kumi na wanne pale Eastern Beach, penye nyasi zinazoshuka hadi majini na sehemu ya kuogelea iliyozungushiwa. Majiko ya kuchomea nyama ya umma ni ya umeme na ni bure. Unabonyeza kitufe, bati linapata moto, baada ya muda linajizima, unabonyeza tena. Bure ina gharama yake, lakini. Ni bati bapa, halina wavu wala mkaa, kwa hiyo mishkaki yangu niliyoilaza na tangawizi usiku kucha haikuchomeka, ilikaangika. Na usidhani utajibebea jiko lako la mkaa hivi hivi: kiangazi kuna siku za marufuku ya moto, na hapo kuni na mkaa nje ni kosa la kukupeleka mahakamani. Kwa shughuli ile gari lilitufaa kuliko nilivyotarajia. Friji ikatunza juisi na kachumbari, plate mbili zikapasha pilau, bibi wa upande wa shemeji akalala mchana kwenye kitanda chetu mpaka saa kumi. Pale hakuna aliyelalamika kuhusu godoro.

Tarehe 26 tukawaaga watoto. Hawakulia, na hilo liliniuma kidogo.

Hapa ndipo tulipokutana na sharti ambalo ningependa mtu angenieleza mapema. Mkataba wa kampuni yetu unakataza kuendesha nje ya mji kuanzia jua kuzama hadi kuchomoza. Sababu yake ni kangaruu, wanaotoka kula magharibi na alfajiri na kurukia barabara bila kuuliza. Ukimgonga saa hizo, bima haikujui. Maana yake mtoko wowote wa usiku ni wa miguu: unaegesha kwanza, ndipo unatoka. Kwetu ikawa heri, maana huku pombe kwenye damu ya dereva isifike asilimia 0.05 na polisi wa kupima hawana sikukuu. Gari likiwa limeshalala, mtu anakunywa glasi yake ya pili kwa amani.

Tukalala Apollo Bay, dola 82 usiku mmoja kwa eneo lenye umeme, na lazima ulipie angalau siku tatu kwa sababu ni msimu. Nikavaa gauni nililolikunja chini ya sinki tangu Melbourne. Tumefika mgahawani saa mbili na nusu usiku, nje bado kweupe kabisa (kiangazi cha kusini huku jua linazama karibu saa tatu kasorobo, saa ya Kiswahili inaonekana kama imeharibika), tunaambiwa jiko limefungwa. Miji midogo ya huku inakula mapema. Waliobaki wazi walikuwa wauza chipsi na samaki, nao wakatuongezea asilimia 15 kwa sababu ni siku ya mapumziko ya kitaifa. Tukakaa kwenye nyasi za ufukweni, blanketi moja mabegani, gauni na yote. Samaki wanayemwita flake nilimjua kwa tonge la kwanza. Nimezaliwa Tanga mimi.

"Huyu si papa?" nikamuuliza mume wangu.

"Papa huyu. Tumevuka bahari yote ile kuja kula papa."

Mtoko wetu ulikuwa ule, na sijaona wa kuubadilisha nao.

Barabara yenyewe ina urefu wa kilomita 243 hivi, na ilijengwa kati ya 1919 na 1932 na wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Kwanza, kuwakumbuka wenzao waliokufa. Vita hivyo hivyo vilivyopigwa kwetu Tanga Novemba 1914. Nilisimama chini ya tao la kumbukumbu pale Eastern View nikiwaza makaburi ya nyumbani, nyuma yetu foleni ya watu wa kupiga picha inapiga honi. Kona ni nyingi mno. Kutoka Lorne hadi Apollo Bay ni kama kilomita 45 na tulitumia zaidi ya saa nzima, vyombo vikigongana kabatini. Fungeni vyombo na taulo. Maji ya bahari ni ya baridi, mtu wa pwani ya kwetu ataingia mara moja tu.

Nguzo za mawe za Twelve Apostles, yaani Mitume Kumi na Wawili, watu huenda kuziangalia jua likizama. Sisi sharti la usiku lilitunyima, kwa hiyo tulilala Port Campbell, kilomita 12 hivi, na jua lilipotoka tukaondoka. Kwenye jukwaa la kutazamia tulikuwa sisi na wazee wawili tu. Kumi na mbili hazikuwahi kutimia, na Julai 2005 moja iliporomoka mbele ya watu. Mume wangu alizihesabu mara mbili kila mara akipata idadi tofauti, kwa sababu nyingine zinajificha nyuma ya nyingine.

Kurudisha gari ndiko kulikoniudhi. Mtungi wa gesi tulipewa karibu mtupu, tukanunua wetu njiani, kisha tukatozwa dola 60 za usafi kwa mchanga. Mchanga, kwenye gari linalokodishwa kwenda pwani! Tulikuwa na picha za kila mkwaruzo tulizopiga siku ya kwanza, ndizo zilizotuokoa tusilipie bampa. Piga picha, hata za chini ya mlango, na uinue mtungi kwa mkono kabla hujasaini. Dhamana ilifunguliwa baada ya siku kumi na moja.

Wawili, nyota nne. Mkiwa na watoto, moja. Wifi ameshaniuliza kama Pasaka tutalikodi tena, maana yule bibi anaulizia kitanda chake.