Vidonge vya vitamini D3 vya mikrogramu 25: kwa mnaotoka Mbeya kwenda Uingereza

Niko likizo nyumbani Uyole, mtoto wa dada yangu anaondoka mwezi wa tisa kwenda kusoma Scotland na kila anayepita kumuaga anamwambia we mtu wa Mbeya bwana, baridi utaiweza, nunua tu koti zito. Na mi niliambiwa hivyohivyo. Baridi kweli nimeiweza, ila baridi ya huku inakuja na jua lake, asubuhi ya mwezi wa saba mmejikunyata jikoni lakini saa sita shambani shingo inaungua. Kule Aberdeen, Scotland, ninakofanya kazi, mwezi wa kumi na mbili jua linachomoza saa tatu kasorobo, saa tisa na nusu limeshazama, na hata saa sita mchana liko chini kabisa, unaliona kwa macho lakini ile mionzi inayotengeneza vitamini D kwenye ngozi, vitamini ambayo mifupa na misuli inaihitaji, haikufikii, na ni hivyo kuanzia kama mwezi wa kumi mpaka wa tatu. Af ngozi zetu nyeusi zinahitaji jua jingi kuliko za wazungu. Kukaa dirishani hakusaidii, kioo hakipitishi mionzi hiyo.

Mi nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee, mchana nalala, kwa hiyo hata kiangazi nilikuwa sipati jua. Msimu wa pili wa baridi mapaja yakaanza kuuma, kiuno, mbavu ukibonyeza zinauma, ngazi za kwenda chumbani nilikuwa napanda nimeshika ukuta. Nikajua ni kunyanyua wagonjwa, nikanywa dawa za maumivu miezi mitatu mizima. Kuja kupimwa damu, vitamini D ikatoka 17 (nanomoli kwa lita), na kule chini ya 25 wanahesabu umepungukiwa vibaya, wanataka angalau ifike 50. Daktari akanipa dozi kubwa kwanza, yuniti (kwenye lebo ni IU) 50,000 mara moja kwa wiki kwa wiki sita, halafu ndo akasema endelea na kidogokidogo kila siku, nikanunua hivi vidonge ninavyovisifia leo.

Ni vya kawaida kabisa vya supamaketi, vina jina la supamaketi yenyewe, kopo la vidonge 90 halikufika pauni tano, yaani miezi mitatu unakula kimoja kwa siku. Ni vidogo, havina harufu, havikwami kooni. Nimevipenda pia kwa sababu ni vidonge vigumu na siyo zile kapsuli laini, maana kapsuli nyingi zina jelatini na rafiki zangu Waislamu walikuwa wanaogopa ni ya nguruwe, hivi vyangu tulisoma orodha nzima pamoja tukakuta haimo. Kuna vya kutafuna vyenye ladha ya matunda, bei mara tatu, vitamini ni ileile, usipoteze hela. Meza na chakula chenye mafuta ndo inaingia vizuri mwilini, mi nameza na parachichi, ingawa roho inaniuma kununua moja moja wakati Tukuyu tunayaacha yanaoza chini ya mti.

Ngazi nilianza kuzipanda bila kushika ukuta kama mwezi wa tatu hivi tangu nianze dozi. Mifupa ilichukua muda zaidi, msikate tamaa.

Natoa nyota nne. Ya tano nainyima kwa sababu ya lebo, mbele wameandika mikrogramu, nyuma yuniti, kwa herufi ndogo, na mtu akichanganya anaumia. Mikrogramu 1 ni yuniti 40, kwa hiyo 25 ni yuniti 1,000. Mwenzetu mmoja wa Makambako aliagiza mtandaoni vya yuniti 10,000 akawa anameza vinne kwa siku miezi kadhaa akidhani ndo atapona haraka, akaishia kutapika, kiu haiishi, hospitali wakakuta kalsiamu imepanda sana kwenye damu na figo ziko hatarini. Mtu mzima bila kuandikiwa na daktari asivuke yuniti 4,000 kwa siku, jamani.

Na mliojifungulia huko, maziwa ya mama hayana vitamini D ya kutosha, mtoto anayenyonya anatakiwa apewe matone ya mikrogramu 8.5 hadi 10 kila siku tangu anazaliwa. Msikatae mkisema kwetu hatufanyi hivyo. Kwetu mtoto anaota jua uani, kule amefungwa kwenye blanketi miezi sita, na matege yanakuja hivyohivyo.

Nilizunguka maduka mawili ya dawa pale Mwanjelwa nimnunulie binti, nikakuta vilivyochanganywa na kalsiamu tu na bei juu, kwa hiyo nimemwambia anunue akifika, wiki ile ya kwanza kabla hata ya koti. Nimemwandikia kwenye karatasi nikaibandika ndani ya pasipoti: D3, mikrogramu 25, kimoja, na chakula.