TAHADHARI: Msimpe namba ya kadi "sajenti" anayechangisha kwa simu

Ndugu zangu mlioko huku Marekani, hasa dada zangu wa kikundi, someni hapa kabla hamjamjibu mtu yeyote anayepiga simu kuomba mchango wa askari waliojeruhiwa na familia zao. Nimelizwa. Na kwa kuwa jina la shirika lile mlilipata kwangu, na wengine mlitoa kwa sababu mimi nimetoa, siwezi kunyamaza hata kama aibu inanila.

Alipiga jioni, ndiyo kwanza natoka kazini, hata viatu sijavua. Namba ilikuwa na tarakimu za jimbo letu, nikapokea. Sauti nzito, tulivu, ya mtu aliyezoea kuamrisha. Alitanguliza cheo, sajenti mstaafu, likafuata jina lake, ndipo shirika. Na jina la shirika lilikuwa na maneno yale yale tunayoyasikia kila siku, majeruhi, mashujaa, familia, ila yamegeuzwa mpangilio. Masikio yangu yalisikia lile shirika kubwa linalotangazwa kwenye televisheni. Nani angesikia tofauti?

Hakuomba kitu. Alinishukuru kwanza. "Mama, mwaka jana ulitusaidia. Nimepiga kukushukuru na kuhakikisha anwani yako haijabadilika." Mwaka jana wenyewe mnajua ulikuwaje kwetu. Nilisaini karatasi ngapi, nilitoa bahasha ngapi? Ningemkatalia vipi? Mtu anakushukuru, wewe unamwambia hapana, si mimi? Haiji mdomoni. Nikamthibitishia anwani.

Akauliza kama kwenye familia yetu kuna aliyevaa sare. Mnaomjua mdogo wangu mnajua nilijibuje. Akanyamaza kidogo, sauti ikashuka, akasema anamshukuru kwa utumishi wake. Akauliza kikosi, akauliza kambi, na kila nilichotaja yeye alikijua: joto la kule, vumbi la kule, chakula cha kule. Nimeirudia ile simu kichwani usiku kucha na sasa naona wazi kwamba habari zote zilitoka kwangu. Yeye alikuwa akizipokea na kunirudishia zikiwa zimepambwa. Lakini wakati ule nilisikia mtu aliyelala hema moja na mdogo wangu.

Ndipo akanipa habari ya mama mmoja. Mume amerudi hana miguu, watoto wadogo, mwenye nyumba anataka kuwatoa, na wiki ile ile lazima ipatikane kodi. Alisema "wiki hii hii" mara nyingi sana. Nikamuuliza, narudia, NILIMUULIZA: katika pesa nitakayotoa, ngapi zinamfikia huyo mama? Akajibu bila kusita, "Asilimia 100 ya mchango wako inakwenda kwenye mipango yetu." Nikatoa kadi, nikamsomea namba, tarehe, na zile tarakimu tatu za nyuma. Akanisomea upya taratibu, akanibariki. Nilikata simu nikiwa na machozi. Nikaingia kwenye kundi letu nikawaandikia ninyi.

Msiniambie nilikuwa mjinga. Hakuna aliyepokea simu kutoka hospitali ya jeshi usiku wa manane akabaki mkavu mbele ya habari kama ile. Matapeli hawa wanatafuta watu kama sisi, wenye mtu wao jeshini, kwa sababu wanajua moyo wetu uko wapi.

Taarifa ya benki ilipokuja, pesa ilikuwa imekatwa kwa jina nisilolijua, kisha ikakatwa tena mwezi uliofuata. Nikapiga namba ile. Akapokea mzee wa watu, hana habari na shirika lolote. Namba yake ilitumiwa tu kama barakoa. Nikaenda kwenye daftari la mashirika ya hisani la jimbo, nikiwa na hakika sitalikuta. Nikalikuta! Limesajiliwa, lina namba ya kodi, lina bodi. Hapo ndipo hasira ilinipanda kweli. Nilipofungua ripoti yao ya mwaka, fungu kubwa la michango limebaki kwa kampuni inayopiga simu. Sajenti wangu ni mwajiriwa wa kampuni hiyo, kama aliwahi kuwa sajenti wa kitu chochote. Na hiyo "mipango yetu" aliyonitajia? Barua za kuomba pesa, zikiwa na mistari michache ya "kuelimisha umma kuhusu majeruhi", zinaandikwa kwenye hesabu kama huduma kwa askari. Kwa hiyo mdomoni mwake asilimia 100 ilikuwa imekwenda kwenye mipango. Mama mwenye watoto, kama yupo, hakuna mahali anapoonekana kwenye hesabu zile.

Na kampuni kuchukua fungu kubwa peke yake si kosa la jinai huku. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1988 kwamba serikali haiwezi kuwawekea wachangishaji kikomo cha asilimia. Kinachowashika ni uongo. Mwaka 2003 ilikuja kesi ya wachangishaji wa Illinois waliokuwa wakiomba kwa jina la maveterani wa Vietnam. Kampuni ilibakiza senti 85 za kila dola huku wachangiaji wakiambiwa kwamba nyingi zinawafikia askari. Mahakama ikasema wazi: jimbo lina haki ya kuwashitaki kwa ulaghai wanapowadanganya wachangiaji hivyo. Kwa hiyo andikeni neno kwa neno mlichoambiwa kwenye simu. Yale maneno ndiyo ushahidi.

Kuhusu adhabu sitaki kusikia mtu akisema tuwasamehe. Mnamkumbuka yule aliyejiita Kamanda Bobby Thompson wa Tampa, mwenye shirika la maveterani wa jeshi la majini, aliyepiga picha hata na Rais Bush? Jina la wizi, cheo cha uongo, na pesa zilizokadiriwa kufika dola milioni 100. Jina lake halisi ni John Donald Cody, mwanasheria aliyesoma Harvard. Alitoroka mwaka 2010, akakamatwa Portland mwaka 2012, na Desemba 2013 mahakama ya Ohio ikampa miaka 28. Hakimu akaagiza pia kwamba kila tarehe 11 Novemba, Siku ya Maveterani, aimalize kwenye chumba cha upweke. Hiyo ndiyo adhabu ninayoitaka kwa huyu wangu, yeye na bodi yake nzima iliyotia sahihi. Tena warudishe kila senti. Mwaka 2018, FTC, tume ya serikali kuu inayowalinda walaji, iliungana na majimbo yote 50 kuwafuata watu wa aina hii, na lilikuwamo shirika moja ambalo karibu dola 95 za kila 100 ziliishia kwenye uchangishaji, uendeshaji na mshahara wa mkuu wake. Wakafungiwa wasichangishe tena. Kufungiwa na kutozwa pesa tu! Mtu amekula kodi ya nyumba ya mke wa majeruhi, unamwambia asirudie? Afungwe, na familia za askari zikae mahakamani zimtazame.

Haya, dalili, kwa haraka maana muda wa kuingia zamu umefika. Kukushukuru kwa mchango usioukumbuka. Haraka, haraka, leo leo. Jina linalofanana na la shirika kubwa. "Asilimia 100". Ukiomba wakutumie maelezo kwa posta usome kwanza, anakuwa mkali au anarudi kwa yule mama. Akitaka kadi za zawadi au pesa ya kutuma, kata simu hapo hapo. Na usajili peke yake usiwatulize, mimi mmeona.

Anayetaka kutoa, na tuendelee kutoa jamani, maana shida za familia hizi ni za kweli, akate simu kisha alitafute shirika mwenyewe. Kwenye tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, kuna sehemu ya kuyatafuta mashirika ya hisani, na ripoti yao ya mwaka inaitwa Fomu 990. Nendeni moja kwa moja kwenye Jedwali G: ndipo yanapoandikwa majina ya wachangishaji wa kulipwa, walichokusanya na walichobakiza. Mimi ndipo nilipoikuta kampuni ya sajenti wangu. CharityWatch na Charity Navigator nao wanayapima mashirika ya hisani, ila someni ripoti kwa macho yenu pia. Mimi safari hii natoa Fisher House, ambao tangu 1990 wanajenga nyumba karibu na hospitali za kijeshi ili familia ya mgonjwa ilale bure. Kwa familia zilizofiwa na askari wao kuna shirika la TAPS, tangu 1994. Mnajua nani alinionyesha hao.

Malalamiko nimeyapeleka FTC na kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Nanyi mliotoa fanyeni hivyo, kila mtu peke yake, msitegemee langu; wanahesabu malalamiko. Waliotoa kadi wapige benki usiku huu, wapinge makato, waombe kadi mpya.

Na dada uliyeahidi kuwapa gari wachangishaji wa namna hii: kuna mtu FTC ilimshitaki mwaka huo huo wa 2018 kwa kupiga simu za mashine kwa majina kama Veterans of America, akipewa magari na boti za watu, akiziuza na kutia pesa mfukoni. Shirika la kweli litakupa Fomu 1098-C, hati ya kodi ya aliyetoa gari, kama thamani yake imezidi dola 500, na jina la shirika litaandikwa kwenye hati yenyewe ya umiliki, hapaachwi wazi. Hao wachangishaji wako wamesema watakuja Jumamosi na gari la kuvuta. Usisaini. Nipigie, hata kama ni usiku.