Programu ya kukokotoa namba za oksidishaji: nyota tatu, na sababu zake

Jina la programu nalihifadhi, maana nina ya kuilalamikia. Kazi yake ni moja tu: unaandika fomula ya kampaundi, nayo inakupa namba ya oksidishaji ya kila elementi, yaani elektroni ngapi atomu yake inahesabiwa kuwa imetoa (+) au imepokea (−). Nafundisha kemia, na nilikuwa nataka kitu cha kuhakikishia majibu haraka wakati wa kusahihisha.

Kwa maswali ya kawaida sina neno. Ukiandika KMnO₄, jibu linakuja papo hapo: potasiamu +1, manganizi +7, oksijeni −2. Ukiligusa jibu, inakufunulia hesabu yenyewe: oksijeni nne zinaleta −8, potasiamu inaleta +1, kwa hiyo manganizi lazima iwe +7 ili jumla iwe sifuri. Ioni pia inaziweza. Kwenye SO₄²⁻ inajua jumla ni −2, hivyo salfa inatoka +6. Tena inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo Co ni kobalti na CO ni monoksidi ya kaboni. Jambo dogo, lakini aliyewahi kusahihisha madaftari ya kidato cha tatu ananielewa.

Nikaitega. Wanafunzi wengi hukariri kwamba oksijeni ni −2 na hidrojeni ni +1, basi, wamemaliza. Kwa H₂O₂, peroksidi ya hidrojeni, ikasema oksijeni ni −1. Kwa NaH, hidrojeni −1. Kwa OF₂ ikaipa oksijeni +2, kama inavyotakiwa, kwa kuwa florini huvuta elektroni kuliko elementi nyingine yoyote na hivyo hubaki −1. Nyota tano zilikuwa zinanukia.

Kisha nikaandika NH₄NO₃. Jibu: naitrojeni +1.

Hesabu iko sawa, kemia haipo. Ndani ya chumvi hii hakuna naitrojeni hata moja yenye +1. Iliyo kwenye ioni ya amoniamu, NH₄⁺, ni −3, na iliyo kwenye NO₃⁻ ni +5. Programu imezijumlisha na kugawanya kwa mbili. Utaona ubaya wake ukiipasha moto chumvi hiyo kwa uangalifu: inavunjika na kutoa N₂O na maji. Katika N₂O wastani wa naitrojeni ni +1. Kwa mujibu wa programu, basi, naitrojeni imeanza na +1 na kumaliza na +1, kana kwamba hakuna elektroni iliyohama! Ilhali mmenyuko wote ni wa naitrojeni moja kunyang'anya nyingine elektroni. Mwanafunzi akilichukua jibu hilo, atakwambia kwa ujasiri kwamba huo si mmenyuko wa redoksi, yaani wa kuhamishana elektroni, na hesabu ya kukuonyesha anayo.

Fe₃O₄ ilinipa +8/3. Hapo angalau sehemu inakushtua ujiulize, na ukichimba unakuta chuma kimoja cha +2 na viwili vya +3. Wastani unaotoka namba kamili ndio hatari, kwa sababu hauna cha kukushtua.

CrO₅ ndiyo iliyonichekesha: kromiamu +10. Kromiamu ina elektroni sita tu za kutoa, hizo nyingine nne imezikopa wapi? Oksijeni nne kati ya hizo tano zimefungana mbilimbili kama kwenye peroksidi, kila moja ikiwa −1, na moja iliyobaki ni −2. Jumla −6, kromiamu +6. Inashangaza kwamba programu inaitambua peroksidi ndani ya H₂O₂ ila hapa haioni kitu, wala haina hata onyo la kwamba namba imevuka uwezo wa elementi.

Bado ninayo kwenye simu, kwa kusahihisha maswali ya KMnO₄ na wenzake. Madarasani mwangu siipendekezi kwa anayeanza. Wakiongeza sehemu ya kutenganisha ioni kabla ya kukokotoa, nyota ya nne nitawapa.