Kiti cha mtoto cha gari: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri na kipi usiguse

Gari likishatoka bandarini Dar es Salaam, orodha ya matumizi hujipanga yenyewe: bima, namba, tairi, kava za siti, redio, tinti. Kiti cha mtoto mara nyingi hakimo. Mtoto anapakatwa siti ya mbele, kwa imani kwamba hakuna mahali salama kuliko mikononi mwa mama. Imani hiyo inatoka kwenye mapenzi, na ndiyo maana inaniuma kuipinga. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga, mtoto wa kilo 10 hurushwa mbele kwa nguvu inayoweza kufika mara 30 ya uzito wake. Ni kama kilo 300 kufumba na kufumbua. Mikono ya mtu haiwezi. Na kama aliyempakata hajafunga mkanda, mwili wake ndio unaomkandamiza mtoto kwenye dashibodi. Shirika la Afya Duniani linasema viti vya watoto vinaweza kupunguza vifo vyao kwenye ajali kwa angalau asilimia 60.

Kwa hiyo tuzungumzie pesa: ukiwa nayo kidogo, uiweke kwenye kiti gani? Nimevipanga kwa kutazama mambo matatu: kinamlinda mtoto kiasi gani, kitatumika miaka mingapi, na kinakaa vipi kwenye magari tuliyonayo huku, yaani Vitz, IST, Passo, Noah na wenzao waliotumika Japani kabla ya kufika kwetu. Humu nitaita siti ile ya gari, na kiti kile cha mtoto, tusichanganyane.

Namba moja: kiti cha kugeuza, kinachotazama nyuma hadi kilo 18

Ukiwa na pesa ya kiti kimoja tu, nunua hiki. Mtoto anaanza akiwa ameupa mgongo mwelekeo wa gari, na baadaye kiti kinageuzwa atazame mbele. Kinachokipa namba moja ni ile miaka ya kutazama nyuma. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, na mifupa ya shingo yake bado haijaungana sawasawa. Gari likigonga kwa mbele, mtoto anayetazama mbele hushikwa mabega na mikanda huku kichwa chake kizito kikivuta shingo changa. Akitazama nyuma, kichwa, shingo na mgongo vyote vinaegemea kiti kwa pamoja, na nguvu inasambaa mgongo mzima. Huko Sweden Profesa Bertil Aldman alitengeneza kiti cha kwanza cha namna hii mwaka 1964, akichukua wazo kwa wanaanga, waliolala chali ili kuhimili msukumo wa roketi. Mpaka leo wazazi wa Sweden huwaacha watoto wakitazama nyuma hadi miaka 4 hivi.

Hapa kuna mtego dukani. Boksi limeandikwa "kilo 0 hadi 18", muuzaji anakuhakikishia kinageuka, nawe unalipa. Ukifika nyumbani ukasoma kwa makini, unakuta kinatazama nyuma hadi kilo 10 au 13 tu. Uliza swali moja lililonyooka: kutazama nyuma kunaishia kilo ngapi? Kama ni cha kiwango kipya cha usalama, R129, kinachopima kwa sentimita, uliza kunaishia sentimita ngapi. Vizuri hufika 105. Usikubali jibu la mdomo, oneshwa kwenye lebo. Cha kilo 18 ukikikosa kabisa, chukua kile cha 13. Kina kasoro, lakini kinampita mbali mtoto wa kupakatwa.

Wazazi wengi huwahi kumgeuza mtoto kwa sababu miguu inagusa siti, wanaona anabanwa. Habanwi. Watoto hukunja miguu wakastarehe namna ambayo sisi watu wazima hatuwezi. Kipimo ni kichwa: utosi ukifika ukingo wa juu wa kiti, au uzito ukipita ulioandikwa, muda wa kutazama nyuma umekwisha.

Kasoro ya kiti hiki ni nafasi. Kwenye Passo au Vitz, abiria wa mbele atalazimika kusogeza siti yake mbele. Kabla ya kulipa, omba kwenda nacho mpaka kwenye gari ukijaribishe. Muuzaji akikataa, nenda duka jingine.

Namba mbili: busta yenye mgongo

Wengi wangeweka hapa kikapu cha mtoto mchanga. Mimi naweka busta, yaani kiti cha kumnyanyua mtoto, kwa sababu mtoto wa miaka 5 hadi 11 ndiye tuliyemsahau. Tunamwambia "wewe umekuwa mkubwa, funga mkanda", na mkanda wenyewe umetengenezwa kwa mwili wa mtu mzima. Mtoto mfupi ukimfunga unampita shingoni na tumboni. Shingoni unamkera, anaupitisha nyuma ya mgongo. Tumboni, gari likigonga, unakaa juu ya utumbo na ini badala ya kushika mifupa ya nyonga. Busta inamnyanyua, mkanda ukae mapajani na katikati ya bega.

Chagua yenye mgongo na mabawa ya kichwa, yenye kiongoza mkanda begani, na ambayo mgongo wake unapanda kadiri mtoto anavyorefuka. Lebo itasema kilo 15 hadi 36, au sentimita 100 hadi 150. Usiikimbilie mara tu mtoto anapofika kilo 15. Mwache kwenye kiti chenye mikanda ya pointi tano, inayomshika mabegani, nyongani na katikati ya miguu, mpaka kilo 18 zitimie, maana mtoto wa miaka 3 hakai wima safari nzima, na akilala anainamia pembeni nje ya mkanda. Busta ni nyepesi, haihitaji chochote zaidi ya mkanda wa gari wa kupita begani, na unaweza kuihamishia kwenye teksi au gari la shangazi bila shida. Kwa pesa inayogharimu na miaka inayotumika, hakuna kiti cha bei nafuu kuliko hiki.

Anaiacha lini? Akikaa na mgongo umegusa siti, magoti yakakunjika ukingoni, mkanda ukalala mapajani na begani wenyewe. Kwa wengi ni karibu sentimita 150. Uingereza sheria inaishia sentimita 135 au miaka 12, kimoja kikitangulia, nao Umoja wa Falme za Kiarabu tangu Julai 2017 umezuia siti ya mbele kwa mtoto aliye chini ya miaka 10 au chini ya sentimita 145. Tumia kipimo cha mwili, umri hautoshi.

Namba tatu: kikapu cha mtoto mchanga

Ni kizuri sana, na ndicho kinachomkaa mtoto wa siku moja vizuri kuliko vyote. Kinatazama nyuma tu, hadi kilo 13, kina mshikio, unambeba mtoto amelala bila kumwamsha. Nimekishusha kwa sababu ya muda: watoto wengi hukimaliza kabla au karibu ya mwaka na nusu, kisha unarudi dukani. Mwenye uwezo anunue hiki na kile cha namba moja. Asiye na uwezo aazime kwa dada, shemeji au rafiki anayemwamini, ambaye anajua kiti hicho hakijawahi kupata ajali. Safari ndefu za kwenda Moshi au Mbeya, simameni kila baada ya saa mbili hivi mtoto atolewe anyooshwe. Mkifika atolewe alazwe. Kikapu si kitanda.

Namba nne: kile cha "kilo 0 hadi 36", na kile cha "9 hadi 36"

Vinauzwa kwa ahadi ya kununua mara moja tu. Kile cha 9 hadi 36 kwa kawaida hakitazami nyuma kabisa, kwa hiyo ukikinunulia mtoto wa miezi 10 umempa shingo yake kazi isiyoiweza. Kinafaa kwa aliyeshatimiza miaka 3 au 4. Kile cha 0 hadi 36 ni heshima kwa bajeti, ila vingi vinamkalisha mchanga wima mno, kidevu kinagusa kifua na pumzi inapata tabu. Ukilazimika kununua hiki, nenda na mtoto dukani umkalishe.

Namba tano: busta bila mgongo

Kile kimto kigumu. Ni kwa mtoto aliyepita sentimita 125 na kilo 22, basi. Hakina ulinzi wa ubavuni.

Usiguse

Kuna kitu cha kitambaa na mikanda kinachofungwa nyuma ya siti, kinauzwa mitandaoni kwa bei ya kuvutia. Hakina gamba la plastiki wala chuma. Uingereza hakiruhusiwi, na kilipojaribiwa huko kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa, mikanda ilikatika na sanamu ya mtoto ikarushwa mbele. Mwenye duka anaweza kuapa kwa jina lolote. Kiache hapo hapo.

Kwanza likague gari lako

Kabla ya kutoka nyumbani, ingiza vidole kwenye mfereji kati ya mgongo na kalio la siti ya nyuma. Ukikuta vyuma viwili vyenye umbo la U, vimeachana sentimita 28 hivi, gari lako lina ISOFIX, na kiti kinaweza kubana moja kwa moja kwenye bodi. Japani iliifanya ya lazima kwa magari mapya tangu Julai 2012, kwa hiyo magari mengi ya zamani tunayoendesha hayana, au yana ya aina nyingine. Usinunue kiti cha ISOFIX pekee kwa gari lisilo nayo. Vile vya kuzunguka pande zote, vinavyopendwa sana sasa, vingi ni vya namna hiyo, tena vina mguu unaosimama sakafuni. Kama sakafu yako ina sanduku la kuhifadhia vitu chini yake, mguu huo hauna pa kukanyaga.

Mkanda wa gari unatosha, ukikazwa. Uvute wote mpaka mwisho, kisha uuachie urudi taratibu. Ukisikia unalia kwa kukaza na hautoki tena, unajifunga wenyewe, umepata. Kama hautofanya hivyo, tafuta kiti chenye kibano chake cha mkanda. Siti ya kati kwenye magari ya zamani ina mkanda wa kiunoni tu. Busta haikai hapo. Na kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Ukifumuka unampiga mtoto kisogoni, na unaua.

Dukani na mtumbani

Kigeuze kiti, tafuta lebo ya rangi ya chungwa. Ndani ya duara kuna herufi E na namba ya nchi iliyokiidhinisha: 1 Ujerumani, 4 Uholanzi, 11 Uingereza, 43 Japani. Chini yake kuna namba ndefu. Kwa kiwango cha zamani cha usalama, R44, inatakiwa ianze na 03 au 04; 01 na 02 Ulaya iliziondoa barabarani mwaka 2008. Kiwango kipya kimeandikwa R129. Tangu Septemba 2024 maduka ya Umoja wa Ulaya hayauzi tena vya R44, hivyo utakutana navyo vingi masokoni kwetu. Cha 04 kisichotumika bado ni kiti kizuri. Ndugu aliye Marekani akikuletea cha huko, hakitakuwa na herufi E. Tazama maandishi yanayotaja kiwango cha shirikisho namba 213.

Mtumba nauogopa zaidi. Gamba likishapigwa na ajali linaweza kuwa na ufa usiouona chini ya kitambaa kilichofuliwa vizuri. Tarehe ya kutengenezwa imegongwa kwenye plastiki, chini au mgongoni; kikizidi miaka 10 kiache. Vuta kila mkanda, funga na fungua kifungio mara kadhaa. Kama muuzaji hajui kilikotoka na lebo imebanduliwa, pesa hiyo iongezee ununue busta mpya ya mtoto mkubwa na uazime cha mdogo.

Kukifunga

Piga goti juu ya kiti, kaza mkanda kwa uzito wako wote. Kikishakaa, kitikise pale mkanda unapopita: kisicheze zaidi ya sentimita 2.5. Mikanda ya mtoto anayetazama nyuma itoke usawa wa mabega au chini kidogo. Anayetazama mbele, usawa au juu kidogo. Kisha jaribu kuifinya mikanda begani kwa vidole viwili. Ikifinyika, bado imelegea.

Mtoto asifungwe akiwa amezungushiwa kanga au blanketi. Mfunge kwanza akiwa na nguo zake nyepesi tu, halafu umfunike kanga kwa juu. Na gari likiwa limeshinda juani, gusa vyuma vya kifungio kwa kiganja chako kabla ya kumkalisha, vinachoma.

Mito ya kichwa, vifuniko vya mikanda na makorokoro mengine yasiyokuja na kiti, usiyanunue. Hayakujaribiwa pamoja na kiti chako, na unene wake unaiacha mikanda ikilegea. Pesa hiyo mpe fundi akukagulie mikanda yote ya siti ya nyuma, maana kuna magari imejikunja chini ya siti miaka na miaka, na hakuna anayejua kama bado inafunga.